Mzee anauza MGB GT ya 1972 aliyokaa nayo tangu 1981, nikague nini kabla sijatoa hela?

mtanga_leicester

Wakuu salaam. Niko Leicester huku Uingereza, kwetu Tanga, naomba wanaozijua gari za zamani za Waingereza wanisaidie kabla wiki haijaisha. Mtaa wa pili kutoka kwangu kuna mzee wa Kiingereza umri umeenda, ana MGB GT ya 1972, ile yenye paa la chuma na mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu, kijani iliyokolea, bampa za kromu, rimu za spoku. Aliinunua 1981 na mpaka leo iko kwake. Sasa hivi magoti yamekataa, gari yenyewe iko chini mno, kuingia anaingia ila kutoka mpaka ashikwe mkono, kwa hiyo kaamua kuiuza. Hataki kumpa dalali wala kuiweka mnadani, anataka apate mtu atakayeiendesha. Mimi huwa napita pale nikitoka shifti, tunasalimiana, nasimama kidogo namuuliza hili na lile kuhusu injini, ndo juzi akaniuliza, unaitaka?

Bei yake pauni 9,000. Gari inalala gereji, ina faili la risiti nene kweli, na juu ya risiti kuna daftari anaandika kwa mkono tarehe, maili na alichokifanya, hata siku aliyopiga grisi tu kaandika. Kwa mwaka haifikishi maili 2,000.

Magari nayajua kiasi, ujana wangu nilishika spana kwenye gereji ya mjomba Tanga, Land Rover na Bedford, kwa hiyo kabureta hainitishi. Kinachonitisha ni bodi. Kila ninayemuuliza ananiambia kutu, kutu, kutu, alafu mimi nikiitazama naiona inang'aa tu. Nikague wapi hasa? Na bei hiyo ni ya haki? Nina heshima kubwa kwa huyu mzee, sitaki nifike pale nianze kumgongagonga gari lake kama simwamini, lakini 9,000 ni akiba yangu ya muda mrefu na wife ameshasema tukiitoa inatoka mara moja.

fundi_kisauni

Ndugu yangu, kwanza hongera, gari kama hiyo kutoka mkononi mwa mtu aliyekaa nayo zaidi ya miaka 40 haiji kila siku. Mimi wa Kisauni, Mombasa, niko Birmingham kwenye gereji ya magari ya zamani na MGB ndizo nyingi tunazozishika. Walizitengeneza Abingdon karibu na Oxford kuanzia 1962 mpaka 1980, zaidi ya laki tano ukijumlisha za wazi na hizi za paa, kwa hiyo siri zake zote zinajulikana, hakuna ugonjwa wa MGB ambao hakuna aliyeuona.

Sasa sikiza vizuri. Gari hii haina chasi. Zile Land Rover za mjomba wako bodi imefungwa kwa bolti juu ya chasi, bodi ikichoka chasi bado inabeba. MGB bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu, na nguvu yake kubwa iko kwenye vizingiti, lile boksi la chuma linalopita chini ya mlango kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma. Boksi lile lina matabaka. Liko bati la nje unaloliona wewe, liko bati limesimama katikati huwezi kuliona kabisa, liko la ndani upande wa sakafu, na chini yake kuna reli inayoyafunga pamoja. Maji na chumvi ya barabarani huingia kutokea kwenye tope la nyuma ya gurudumu la mbele, yanakaa mle ndani, na yanaanza kula lile la katikati. Ndio maana unaiona inang'aa. Inaweza kung'aa nje na katikati kumebaki unga.

Utajuaje? Anza na mianya ya milango. Chuchumaa utazame mwanya wa nyuma ya mlango, uwe sawa juu mpaka chini. Juu umebana na chini umeachama maana yake gari imelegea katikati. Lakini GT ina paa linaloishika, kwa hiyo inaweza kuwa imeoza na mianya bado mizuri, hapo usitosheke. Chukua sumaku ndogo, izungushie kitambaa laini usimkwaruze mzee rangi yake, ipitishe pole pole kwenye kizingiti na sehemu ya chini ya bodi nyuma ya gurudumu la mbele. Ikishika, chuma. Ikiteleza, hapo pana pati, ile plasta ya kuzibia bodi. Kisha muombe mzee mwenyewe aiweke jeki kwenye sehemu yake ya jeki iliyo chini ya kizingiti, na gari ikiwa juu fungua mlango na ufunge. Mlango ukifunguka na kufunga kama kawaida na hukusikia chuma kikilia, moyo utulie kidogo. Muombe yeye aifanye, atajua wewe unajua, na mtu aliyeitunza gari huwa anafurahi kuulizwa maswali ya maana.

Jambo la pili liko kwenye faili. Gari ya 1972 iliyotembea Uingereza miaka yote hii karibu lazima imeshabadilishwa vizingiti mara moja. Hilo si baya. Baya ni ilivyofanywa. Ili ubadilishe kizingiti sawasawa lazima ukate sehemu ya chini ya bodi ya mbele na ya nyuma maana kizingiti kinapita nyuma yake, ni kazi ndefu na ya gharama. Kuna mafundi wanabandika bati jipya juu ya lililooza, wanapaka rangi, wanachukua hela. Kwa hiyo tafuta risiti ya kazi hiyo, soma walichoandika kimoja kimoja, na muulize mzee kama alipiga picha. Wazee wa namna hii wengi walipiga picha.

Na ukiwa chini pale na tochi, angalia springi za nyuma zinaposhikia mbele, angalia visanduku vya betri nyuma ya viti (ya 1972 ilikuja na betri mbili za volti 6, moja kila upande, asidi ikimwagika inakula chuma), angalia sakafu ukiinua kapeti, na ukingo wa chini wa ule mlango wa nyuma.

mama_roadster

Habari zenu. Mimi niko Bristol, nina MGB ya wazi, ya 1970, nami niliinunua kwa mzee aliyeitunza muda mrefu, kwa hiyo swali lako limenigusa.

Fundi amekupa ya bodi, mimi niongeze ya mwenye gari. Ukinunua gari ya umri huu unanunua tabia za mtu. Injini ya MGB ni rahisi na imara, kinachoiua ni kutokushughulikiwa, na zile sehemu za stelingi za mbele zinataka grisi kila maili 3,000, ukiruka zinakufa na kuzitengeneza ni hela. Sasa wewe una daftari la mtu anayeandika siku aliyopiga grisi! Lisome lote. Kaa chini, omba kikombe cha chai, lisome kuanzia mwanzo, na usitazame tu alichotengeneza, tazama alitengeneza kabla ya kuharibika au baada ya kukwama njiani. Mtu aliyebadilisha mabomba ya maji na ya breki kwa sababu muda umefika ni tofauti kabisa na aliyebadilisha kwa sababu limepasuka. Gari mbili zinaweza kuwa na risiti nyingi sawasawa na moja ni ya kukimbia.

Alafu ingia mtandaoni kwenye historia ya MOT ya serikali (ule ukaguzi wa gari wa kila mwaka), weka namba ya gari, inakuja yote tangu 2005, kila mwaka maili zilizosomwa na kasoro walizoandika. Linganisha na daftari. Tangu Mei 2018 gari iliyopita miaka 40 hailazimiki tena kwenda MOT kama haijabadilishwa sana, kwa hiyo ukikuta mzee aliendelea kuipeleka kila mwaka ingawa hakuna aliyemlazimisha, hiyo kwangu ni dalili kubwa kuliko rangi. Kama aliacha, muombe muipeleke pamoja, ada haizidi pauni 54.85, wewe ulipe. Mkaguzi anaipandisha juu na unaiona chini kwa macho yako. Hapo wala huna haja ya kumgongagonga mzee gari lake.

Namba ya chasi kwenye kibati iwe sawa na iliyoandikwa kwenye V5C (kadi ya usajili wa gari). Ya GT ya miaka hiyo inaanza na GHD5, ukikuta GHN5 basi hiyo ilizaliwa ya wazi na kuna hadithi unatakiwa uelezwe. Jumba la makumbusho la magari la Gaydon wanatoa cheti kinachoonyesha ilitengenezwa lini na ilitoka kiwandani na rangi gani, pengine mzee anacho.

Bei. GT siku zote iko chini ya roadster (ile ya wazi) kwa bei, watu wanataka kufungua paa. Kwa GT ya kromu iliyo safi chini, yenye faili kama hilo, 9,000 mimi naiona ni bei ya mtu mwaminifu. Vizingiti vikiwa vibovu hiyo bei haipo tena, maana kuvifanya pande zote mbili kwa fundi mzuri ni maelfu. Ila nakuomba kitu kimoja, usishushe bei kwa kuiponda gari. Usimwambie hapa pamechubuka, hapa pamepauka. Ukikuta kitu cha kweli kinachohitaji hela, mwonyeshe, mwambie kitagharimu kiasi gani, mwachie yeye aseme. Watu kama hawa wakikupenda wanakuongezea boksi zima la spea bure, na wakikuona dalali gari haitoki.

Na siku ya kuijaribu mwambie asiiwashe kabla hujafika. Uikute baridi. Alafu yeye aendeshe kwanza wewe ukae pembeni, tazama anavyoingiza gia na anavyoisubiri ipate joto, utajifunza gari yenyewe inavyopenda kutendewa.

kijana_wa_reading

Samahani bro mimi nitakuwa tofauti kidogo na naongea kwa nia njema kabisa. Una watoto? Maana MGB GT haina airbag, haina ABS, kile kiti cha nyuma ni cha watoto wadogo tu na ya 1972 mara nyingi nyuma haina mikanda, na sheria ya hapa mtoto chini ya miaka 3 haruhusiwi kabisa kupanda gari isiyo na mikanda, hata iwe ya zamani. 9,000 unapata Mazda MX-5 ya juzijuzi inawaka kila asubuhi, ina heater inayofanya kazi. Akiba ya familia kuiweka kwenye chuma cha miaka 50 mi naona ni hatari, na spea utapata wapi? Tena ukienda London si utalipa ile ya ULEZ (tozo ya magari yanayochafua hewa) kila siku?

fundi_kisauni

@kijana_wa_reading la watoto umesema kweli na yeye alipime, kama kuna mdogo basi hii si gari ya familia na isichukue nafasi ya gari ya familia. Kuna mikanda ya nyuma unaweza kufungiwa, lakini ifungwe na anayejua.

La spea lakini hapana kaka. Hakuna gari ya zamani yenye spea rahisi kama MGB. Tangu 1988 kuna kampuni, British Motor Heritage, inatengeneza bodi nzima mpya ya MGB kwa mitambo ile ile ya asili, fikiria, bodi nzima. Pampu ya maji, breki, klachi, plagi, vioo, unaagiza leo kesho iko mlangoni, na nyingi ni bei ya chini kuliko spea ya Mazda yako. ULEZ nayo haiihusu, gari iliyopita miaka 40 ikiwa imeandikishwa kama ya kihistoria inasamehewa, na road tax pia haitozwi. Chumvi ndiyo adui, wala si umri.

mtanga_leicester

Wakuu, asanteni sana, sikutegemea majibu ya hivi. Watoto wangu ni wakubwa, wa mwisho ana 15, na gari ya familia ipo, tena ni Toyota, haiendi popote, kwa hiyo @kijana_wa_reading usiwe na wasiwasi lakini nashukuru umeuliza.

Nimeenda jana. Historia ya MOT niliitazama kabla sijaenda, mzee ameipeleka kila mwaka bila kuruka hata baada ya 2018. Mwaka mmoja wa nyuma waliandika kutu karibu na springi ya nyuma kushoto, nikafika pale nikafungua faili, risiti ya kuchomelea ipo, wiki tatu baada ya hiyo MOT, na mwaka uliofuata hakuna kitu. Nilisikia raha isiyo kifani kuona makaratasi mawili yanasema jambo moja.

Vizingiti vilibadilishwa 1994. Na picha zipo!! Albamu nzima, gari imekatwa bodi za chini mbele na nyuma kama fundi alivyosema, unaona mpaka lile bati la katikati jipya. Mzee alinieleza kwamba baada ya hapo kila vuli anapulizia nta ndani ya vizingiti kupitia vitundu vyenye vifuniko vya mpira. Jeki akaiweka mwenyewe (mimi nilipampu, yeye alielekeza), mlango ukafunguka kama kawaida. Sumaku imeshika kila mahali isipokuwa sehemu ndogo kama kiganja nyuma ya gurudumu la nyuma kulia, nikamwonyesha, akasema ndiyo, mwaka 2003 aligongwa kwenye maegesho, akanitolea risiti.

Nilichokiona kibaya ni viwili. Mlango wa dereva una ufa mwembamba kwenye bati pale juu, chini ya kile kioo kidogo cha pembe tatu. Na nilipofungua swichi kabla ya kuwasha nikasikia nyuma kunagonga tik tik tik tik kwa haraka alafu ikanyamaza. Mzee akasema ndivyo ilivyo. Niamini? Kuiendesha naenda Jumamosi.

fundi_kisauni

Mwamini. Hiyo ni pampu ya mafuta ya SU, ya umeme, iko nyuma karibu na gurudumu la kulia. Ukifungua swichi inajaza kabureta, zikijaa inanyamaza. Ikinyamaza ni nzima. Ikiendelea kugonga bila kusimama ndio ushtuke, ama mafuta yamekwisha ama kuna mahali yanavuja, na hapo zima swichi usitafute na sigara mdomoni. Utazoea mpaka siku usipoisikia utajiuliza kulikoni.

Huo ufa ni ugonjwa wa MGB duniani kote, bati la mlango linachoka pale kioo cha pembe kinapotikisika. Unachomelewa na kupakwa rangi, haukuzuii kuendesha. Mwonyeshe mzee kwa heshima kama dada alivyosema.

Jumamosi sasa. Iwe baridi. Kuwaka itataka choki, ni kawaida, moshi mweupe kidogo asubuhi ni kawaida. Ikishapata joto tazama geji ya oili, ukiwa mwendo isome 50 au zaidi, ikiwa silensa (injini inanguruma gari imesimama) isishuke chini ya 15. Ukiwa mwendo wa maili 40 hivi toa mguu kwenye mafuta uache gari ishuke kwa gia, alafu kanyaga tena, mwambie mtu awe nyuma anatazama, moshi wa bluu hapo maana yake valvu zinapitisha oili. Matone machache ya oili chini ya gari usikuze jambo, injini hizi zinavuja kidogo tangu zilipokuwa mpya. Dimbwi ni habari nyingine.

Giaboksi, ingiza namba mbili pole na kisha haraka, isikwaruze. Muulize kama ina ovadraivu, wakati ule ilikuwa ya kulipia zaidi na ni neema kwenye motorway, gari ikiwa namba nne unabonya swichi injini inashuka mizunguko na kelele inakwisha. Ijaribu ikiwa namba tatu na namba nne. Isipoingia usikimbilie kuvunja giaboksi, mara nyingi ni waya au swichi.

Rimu za spoku. Zinakaa kwenye meno, meno yakilika unasikia klanki ukianza kuondoka na ukifunga breki. Rudi nyuma kidogo, funga breki, nenda mbele, funga breki, sikiliza. Zinalika zaidi kwa mtu asiyezipaka grisi, na kwa daftari hilo sitarajii.

Stelingi iwe nzito kiasi ukiwa umesimama, nyepesi ukienda. Ikiwa nzito mpaka inasita kurudi yenyewe baada ya kona, ile grisi ya mbele haifiki inapotakiwa.

ngong_road_254

Mimi niko Nairobi, naingia tu kusema hongera bro, hiyo gari ni moto. Huku MG bado ziko, kuja Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse utaziona zimepangwa na wenyewe wamezing'arisha mpaka chini ya sakafu, juu majaji wanaangalia mpaka huko chini. Kuna wazee hapa wako na za kwao tangu watoto wao wakiwa primary.

Nilitaka kuuliza, kama siku moja utarudi nyumbani utaibeba ama? Huku Kenya gari used ya kawaida ikipita miaka 8 haiingii, so usijaze kontena kabla hujauliza forodha vizuri, hata Tanzania nasikia gari nzee inaongezewa ushuru. Hewa ya Tanga iko na chumvi pia, si ya barabara lakini ni chumvi.

mtanga_leicester

@ngong_road_254 asante bro, kwa sasa inabaki hapa hapa, hata mzee ameniuliza hilo swali.

Wakuu nimeiendesha. Sijui niseme nini. Mzee aliendesha kwanza kama dada alivyonishauri, akaisubiri ipate joto bila kuipandisha injini, gia anaingiza kwa vidole viwili, kila kona anajua ashuke gia wapi. Kisha akasimama akaniambia zamu yako. Oili 60 ikiwa mwendo, silensa 20. Hakuna moshi wa bluu, binti yangu alikuwa nyuma kwenye Toyota anatazama. Ovadraivu ipo na inaingia. Rimu kimya. Giaboksi namba mbili inakwaruza kidogo ukiharakisha, ukienda pole haikwaruzi, nikamwambia, akasema imekuwa hivyo tangu miaka ya tisini na amejifunza kuisubiri.

Ule ufa nikamwonyesha, nikamwambia nimeuliza fundi wa bodi hapa mjini, pamoja na rangi ya mlango karibu pauni 400. Hakubishana. Akasema 8,600 na boksi la spea na vitabu vyote vya gari, pamoja na nyundo ya shaba ya kufungulia zile rimu. Nimekubali, tumeshikana mikono, nitamlipa Alhamisi. Mke wake aliniambia kwa pembeni kwamba watu wawili walishakuja kabla yangu na hakuna aliyeomba kuliona lile daftari.

Sasa niulize la mwisho, makaratasi. Natakiwa nifanye nini ili Alhamisi niitoe pale kihalali? Na mafuta ya siku hizi inakunywa yoyote?

mama_roadster

Hongera sana, nimefurahi kama ni yangu!

Bima kwanza, kabla ya Alhamisi. Usitumie bima ya kawaida, tafuta ya magari ya kihistoria, yenye thamani mliyokubaliana mapema. Ikiibiwa bila hiyo watakulipa wanavyotaka wao. Picha na faili ndivyo vitakavyokupa thamani nzuri. Uliza kikomo cha maili kwa mwaka, kwa gari kama hii ukichagua maili chache bei inashuka sana.

Siku ya kulipa, fanya transfa ya benki mkiwa wote mmekaa, hela ziingie, mwandikiane risiti yenye namba ya gari, namba ya chasi, bei na tarehe, sahihi mbili, kila mmoja nakala. Hiyo risiti ni muhimu kwa sababu V5C inaonyesha mtunzaji wa gari tu, umiliki inathibitisha hiyo risiti. Mzee atawaarifu DVLA (wale wa usajili wa magari) mtandaoni dakika hiyo hiyo na wewe utabaki na kipande cha mnunuzi chenye tarakimu 12. Kwa kutumia tarakimu hizo lazima uandikishe road tax kwa jina lako kabla hujaitoa gari kwake, ndiyo, hata kama ni pauni sifuri, tax ya mzee haihamii kwako na watu wengi wa magari ya zamani wanakamatwa hapo wakidhani sifuri maana yake hakuna cha kufanya. Hakikisha pia namba yake ya zamani inabaki kwenye gari, kama iliandikishwa vuli ya 1972 itakuwa inaishia na herufi L, wengine wanazitoa wanaziuza peke yake na gari inabaki imepoteza kitu.

Mafuta, weka super yenye E5 (ile yenye ethanoli kidogo). Ile ya kawaida tangu 2021 ni E10, ethanoli yake inakula mipira ya zamani ya mafuta. Tazama kwenye daftari kama mabomba ya mafuta yalibadilishwa miaka ya karibuni, kama hapana anza na hayo. Muulize pia kama kichwa cha injini kilishawekewa viti vya valvu vya chuma kigumu, maana mafuta yenye madini ya risasi, yaliyokuwa yanalinda valvu, yaliondolewa sokoni mwanzoni mwa 2000, na kama havipo atakuambia dawa anayochanganya kwenye tangi. Oili 20W-50, usidanganywe na oili nyembamba za kisasa.

Na daftari lisiishie kwake. Mwambie mzee akuandikie mwenyewe mstari wa Alhamisi, tarehe na maili, chini yake wewe uanze wa kwako.

mtanga_leicester

Bima nimeshaipata dada, thamani waliyoikubali ni 9,500 baada ya kuwatumia picha za 1994. Kuhusu valvu nimempigia, kichwa kilifanywa 2001, risiti ipo. Mabomba ya mafuta ni ya 2016, nimeagiza mapya leo. @fundi_kisauni nikuletee Birmingham uone namba mbili na kunipulizia nta kabla hawajaanza kumwaga chumvi?

fundi_kisauni

Lete. Njoo na mzee kama magoti yanamruhusu, nataka kumuuliza hizo picha alipiga kwa kamera gani.